Mkono Begani

"Mkono wa nani huu?"

Protas aliiweka simu yake mezani katikati ya sampuli za mikoba, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagota kwenye kikombe cha chai cha mdogo wake. Odilia hakuishika. Aliitupia jicho tu kwa mbali.

Picha ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amevaa aproni ya ngozi iliyompwaya, anacheka mpaka magego yanaonekana, na nyuma yake dirisha lilionyesha uchochoro wa mawe na kibao kilichoandikwa Kiitaliano. Hayo yote yangesameheka. Lililomtoa Protas povu lilikuwa pale begani: mkono wa mwanamume katika glavu nyeusi ya ngozi, umetulia kama umefika kwao. Mwenye mkono hakuonekana. Picha ilimkata kwenye kiwiko.

"Nimekuuliza, Odi."

"Nimekusikia, kaka."

"Sasa?"

"Sasa nakunywa chai."

Akanywa kweli. Chai ilikuwa ya moto, ikamchoma ulimi, naye akajikaza asikunje uso mbele ya kaka yake. Hiyo furaha hakutaka kumpa.

Na kosa, tusemezane ukweli, lilikuwa la Odilia mwenyewe. Kabla ya kuondoka kwenda Firenze, Italia, alikaa nusu saa nzima akiwazuia ndugu wote wasione picha zake za WhatsApp: mashangazi, mabinamu, kwaya ya parokia, mpaka yule jirani wa Bukoba anayejua mambo ya watu kuliko wenyewe. Picha akaziweka WeChat, mtandao wa Wachina. Huko, alijua, hakuna Mhaya hata mmoja. Wapo malaobani tu, wale wenye viwanda vya mikoba huko Shiling, na hao hata ukiwaambia umekwenda mwezini watakuuliza unataka rangi gani. Alisahau kwamba miaka minne iliyopita ni yeye aliyemfungulia Protas akaunti ya biashara huko huko, yenye jina la Kichina na picha ya mkoba mwekundu. Siku zote ilikaa kimya katikati ya wale malaobani. Picha ya Firenze ikamkuta Protas likizoni Bukoba, sebuleni kwa mama yao, simu iko mkononi mwa Shangazi Domina. Hebu fikiria!

"Ulisema unabaki Guangzhou kupumzika," Protas alisema. "Viwanda vimefungwa kwa mwaka mpya wa Wachina, watu wote wanarudi nyumbani kuwaona wazazi, wewe ukasema umechoka. Kumbe umechokea Italia!"

"Siku sita tu, kaka."

"Ulikwenda kununua nini?"

"Sikununua kitu."

"Aka! Ngozi?"

"Sikununua."

"Hata sampuli?"

"Nilikwenda kutembea. Kutazama mji."

Protas alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuku ameota meno. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na minne kati ya hiyo ameimalizia katika jengo hili la Tianxiu, akipanda lifti ile ile iliyojaa marobota na watu wa kila kabila la Afrika. Hakukumbuka safari hata moja ambayo hakuwa na orodha mfukoni. "Hakuna mtu wa kwetu anayepanda ndege asinunue kitu," alisema polepole. "Anayekwenda bure bure hivyo amefuata mtu. Mkono ndio huo hapo. Wa nani?"

"Wa mtu."

"Odilia!"

"Nina miaka thelathini na mbili, kaka. Nimekwenda kwa akiba yangu, nimerudi mzima, na Jumatatu nimefungua ofisi kabla yako. Unataka nini tena?"

Protas akavuta kiti, akaketi, na ghafla sauti yake ikawa ya chini. Hapo ndipo Odilia alipoanza kuogopa, maana kaka huyu akipiga kelele anapita, lakini akinyamaza ana jambo.

"Nataka uwe tayari saa tisa," alisema. "Nyumbani kumekaliwa. Watu wa Cornel wamefika na posa, wamepokewa, wametafuna kahawa ya heshima. Shangazi atapiga simu ya video akuulize mbele yao, kama ilivyo desturi, ikiwa unamfahamu. Wewe unajua cha kujibu."

Odilia akakiweka kikombe mezani. "Cornel?"

"Cornel ana nini? Ana duka Kariakoo, anatutolea mizigo bandarini miaka yote hii, hajawahi kutusumbua. Anakupenda."

"Cornel aliniambia nikiolewa tutazipunguza hizi safari zangu za ovyo. Maneno yake hayo, ya ovyo."

"Na kwa picha hii, amekosea wapi?" Protas alifuta paji la uso. "Sikiliza. Picha ile tumeiona mimi, shangazi na mama. Watu wa Cornel hawajaiona. Nimetembeza maneno siku nne huko nyumbani kuizima. Baba alipofariki ulikuwa darasa la sita, Odi. Nimekulea. Usinitie aibu leo."

Hilo lilimwingia. Kweli alimlea. Alimvalisha sare, akamlipia shule ya masista, akamleta China akiwa na miaka ishirini na tatu, akamfundisha kupindua mkoba ndani nje na kumwambia laobani kwamba mshono umepinda hata kama haujapinda. Odilia alimpenda kaka yake. Ila kupenda ni kitu kimoja, na kuuzwa kulipia wema uliotendewa ni kitu kingine kabisa.

"Ni yule Mkongo, si ndiyo?" Protas alisema. "Wa ghorofa ya juu. Subiri."

Akachukua simu, akapiga, akasema maneno matatu tu. "Cyrille, shuka hapa."

"Kaka, usithubutu."

"Nimeshathubutu."

Siku ishirini na tatu Odilia hakuwa amemwona Cyrille. Alizihesabu zote. Mara ya mwisho walisimama katikati ya barabara ya Zhanxi, mikokoteni ya viatu ikiwapita huku na huku, wasukumaji wakiwafokea wapishe njia, naye Cyrille amemshika mkono anamwomba: twende wote Firenze, nimeshauliza viza. Odilia akasema hapana. Safari hii ni yangu, niache niende peke yangu. Alimaanisha hivyo hivyo, wala hakuwa na jingine. Lakini Cyrille alisikia kwamba hatakiwi. Akauachia ule mkono, akasema "bon, nenda," akageuka na kupotelea kwenye umati. Huko Firenze kila jioni Odilia alimwandikia ujumbe, akausoma, akaufuta. Kiburi bwana!

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia na shati la bluu lililokunjwa mikono, kipande cha selotepu ya kufungia marobota kimenata kwenye kiwiko. Amekonda, Odilia aliwaza. Mungu wangu, amekonda. Alitaka kuinuka akiondoe kile kipande cha selotepu, hicho tu, kisha aketi tena. Macho yao yalikutana, na Cyrille akayashusha haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Habari ya siku mingi, Protas," alisema. Kisha kwa sauti nyingine, "Odilia."

"Cyrille," alijibu.

Protas hakuwa na muda wa salamu. Alimwonyesha ile simu. "Niambie kiume. Huu mkono ni wako?"

Cyrille aliinama kutazama. Odilia aliuona uso wake wote, hakuna kilichompita: jinsi macho yalivyoanza kwenye kicheko chake, yakalainika, kisha yakateremka begani na kusimama kwenye glavu. Yakasimama hapo muda mrefu. Cyrille hakwenda Firenze. Yeye peke yake ndani ya chumba kile, ukimtoa Odilia, ndiye aliyejua kwa hakika kwamba mkono ule haukuwa wake.

Odilia akafungua mdomo aseme. Cyrille alimtangulia.

"Ni wangu," alisema.

"Nini?" Protas akaruka.

"Mkono ni wangu. Miye ndiye nilikuwa naye kule. Nilimusumbua mpaka akakubali. Kama kuna makosa ni yangu, Protas, dada yako umuache."

Jamani! Odilia alihisi vitu viwili kwa mara moja, na vyote vilikuwa vikubwa kuliko kifua chake. Alitaka kumkumbatia, na alitaka kumzaba kibao.

"Muongo," alisema.

"Odilia, ma chère, acha tu..."

"Usiniite ma chère wala mpenzi. Hukuwepo! Kaka, huyu anakudanganya mchana kweupe. Hakuwepo, nilimkatalia, tukagombana, hajanisemesha siku ishirini na tatu."

Protas aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kama si yeye," alisema, "basi ni nani?"

Koridoni walisikika watu wakibishana kwa Kilingala juu ya kago. Odilia alimgeukia Cyrille, na sauti yake ikapungua.

"Ulidhani nilikuwa na mwanamume mwingine."

Cyrille aligeuza uso kutoka kwenye ile simu.

"Ulidhani hivyo, na bado ukasimama hapo kunifunika? Una wazimu?"

"Sikiliza." Aliangalia sakafu, kisha akajitutumua kumtazama. "Sijaona ukicheka vile siku mingi. Hata na miye haujachekaka vile. Mwenye alikuchekesha, nilitaka kumuchukia, nimeshindwa. Ni vile tu."

Machozi yalimjia Odilia bila ruhusa. Akayafuta kwa kiganja, kwa hasira, maana hakutaka yaonekane ya aibu.

"Nitawaambia mkono ni wa nani," alisema. "Si kwa sababu mmeniuliza. Kwa sababu nataka kusema. Kaka, keti."

"Nimeketi."

"Basi nyamaza. Mwaka wa tisa huu nanunua mikoba Shiling yenye chapa ya dhahabu ndani iliyoandikwa Firenze. Nimeigusa chapa hiyo mara ngapi? Nikamuuliza laobani Firenze ni nini, akaniambia wateja wanaipenda. Ni Cyrille aliyenieleza ni mji, wa zamani, wa makanisa na mafundi. Nikasema lazima niuone. Bila orodha. Siku ya kwanza nilishindwa, nakwambia! Nilisimama kwenye daraja la mawe lenye maduka ya dhahabu pande zote mbili, mto unapita chini, watu wanapigana mabusu, na mimi namwuliza mwenye duka nikichukua dazeni atanipunguzia. Dazeni za nini sijui."

Cyrille alicheka kidogo puani. Protas hakucheka, lakini hakumkatiza.

"Siku ya pili nikapanda kuba la kanisa kuu. Ngazi mia nne na sitini na tatu, magoti yanalia. Nikafika juu, upepo wa Februari unakata masikio, mji mzima chini yangu ni vigae vyekundu mpaka milimani. Nikatafuta mtu wa kunituma kitu, hakuna. Hakuna aliyekuwa ananisubiri nilete chochote. Nikalia, kaka. Kwa raha. Kesho yake nikaenda makumbusho, nikaona lile sanamu maarufu la kijana wa marumaru, uchi kama alivyozaliwa, nikaona aibu nikatoka, nikalipa tena nikarudi."

"Odi!"

"Nikarudi! Siku ya nne nikaingia kwa fundi wa glavu. Mzee wa miaka sabini na sita, ana mikono mibovu ya baridi yabisi, na bado anashona. Nikapindua glavu ndani nje kama ulivyonifundisha, akaniona, akajua mimi ni mtu wa kazi. Akanivalisha aproni, akanipa sindano. Nikashona kidole gumba kimoja kwa saa nzima, na kilipinda! Yeye na mkewe walicheka mpaka wakaketi. Mzee akavaa ile glavu yangu iliyopinda, akaniwekea mkono begani, mkewe akapiga picha. Kitazame hicho kidole gumba. Mshono wangu huo."

Protas alivuta simu, akaikuza picha. Cyrille naye akainama. Kidole gumba cha ile glavu kilikuwa kimepinda vibaya, kweli kweli, hata laobani wa mwisho Shiling angekikataa.

"Mshono mbaya," Protas alisema, kwa mazoea tu.

"Mbaya sana," Odilia alijibu.

Kwa kitambo kidogo walikuwa kaka na dada tena. Kisha Protas akafumba macho, akapumua kwa nguvu. "Basi vizuri. Hakuna mwanamume. Afadhali. Saa tisa hii inafika, Shangazi atakuuliza, utamjibu vizuri, mambo yaishe. Cyrille, asante, unaweza kwenda."

Cyrille alisogea mlangoni. Odilia alimwona anakwenda, mabega yameinama, na akaelewa sawasawa kilichokuwa mbele yake. Neno moja mbele ya wazee, ndiyo, na kuanzia leo atakuwa mtu wa kuulizwa amekwenda wapi. Siku sita zile zitakuwa za kwanza na za mwisho.

"Baki," alisema.

"Odilia, ni mambo ya nyumbani yenu..."

"Nimesema baki."

Simu ikaita.

Protas alijaribu kuishika, Odilia akamwahi. Kwenye kioo zilijaa sura za sebuleni kwao Bukoba: mama amekaa kwenye mkeka kichwa amekiinamisha, wazee wa upande wa pili wamepangana kwenye makochi, na katikati yao Cornel, suti ya kijivu, tai imembana shingo. Mbele kabisa, karibu na kamera kupita kiasi, Shangazi Domina, dada wa marehemu baba yao, mwanamke ambaye hata paroko humwamkia mara mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unatusikia?"

"Nawasikia."

"Wageni hawa wamefika kwetu. Wanasema wameona ua. Sisi hatupokei wageni tusiowajua, na hatumtoi mtoto bila kumuuliza. Odilia, binti wa kaka yangu, unamfahamu kijana huyu?"

Hayo ndiyo maneno: kumfahamu ni kumkubali. Odilia alikuwa ameyasikia yakiulizwa kwa dada zake watatu, nao wote waliinamisha macho na kusema ndiyo namfahamu, vigelegele vikapigwa. Protas alikuwa anamtazama bila kupepesa. Midomo yake ilimtamkia kimyakimya: ndiyo.

Odilia hakuinamisha macho.

"Simfahamu, shangazi."

Sebuleni kule mtu alikohoa. "Mtandao mbaya," mzee mmoja alisema. "Muulize tena."

"Mtandao mzima, baba," Odilia alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Simfahamu. Na yeye hanifahamu. Cornel, samahani, hujanikosea, wewe ni mtu mstaarabu na mizigo yetu umeitunza. Lakini uliniambia safari zangu ni za ovyo."

"Nilitania," Cornel alisema.

"Hukutania. Na nimetoka safarini juzi, Italia, peke yangu, kutazama makanisa na kupanda ngazi. Sikununua kitu. Picha mtaziona leo zote, nazifungulia watu wote. Na nitakwenda tena. Mwanamume wa kunioa ni yule ninayeweza kumwambia naondoka, akaumia, na bado nikirudi akanisimamia."

"Mama yangu!" Protas alishika kichwa.

Shangazi Domina alisogeza uso karibu zaidi na kamera, likabaki jicho moja tu na kipande cha kilemba.

"Na huyo aliye nyuma yako, mwenye shati la bluu?" aliuliza. "Huyo unamfahamu?"

Cyrille aligeuka jiwe. Odilia alihisi uso wote unawaka moto, masikio, shingo, kote.

"Huyo namfahamu."

"Kwao wapi?"

"Bukavu."

"Anasali?"

"Tunasali naye, shangazi. Anakaa benchi la nyuma, anaimba vibaya."

Mtu fulani kule sebuleni aliguna, na mama, mama aliyekuwa ameinamisha kichwa wakati wote ule, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Odilia hakujua kama analia au anacheka.

"Sijasema lolote," Shangazi Domina alisema hatimaye. "Kumfahamu ni wewe, kumpokea ni sisi. Nina wageni hapa wa kuwaomba radhi, na wewe umenipa kazi ngumu, mtoto mkaidi. Kaa salama." Simu ikakatika.

Protas aliinuka. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, ule ule uliomfundisha Odilia kazi hii tangu mwanzo.

"Toka," alisema. "Chukua huyo mtu wako mtoke ofisini kwangu."

"Ofisini kwetu, kaka. Nusu ya wateja wa humu wananipigia mimi. Sitoki."

"Umenivua nguo mbele ya wazee!"

"Najua, na nitakuomba radhi mpaka uchoke kusikia. Lakini sitoki, na Shiling Jumanne tunakwenda wote kama kawaida." Alikwenda alipokuwa amesimama Cyrille, akakibandua kile kipande cha selotepu kwenye kiwiko chake, taratibu, mbele ya macho ya kaka yake, bila haraka hata kidogo. "Na wewe, usirudie kunisemea uongo. Nina mdomo."

"Sitarudia," Cyrille alisema. "Odilia, niende? Kaka yako ana hasira."

Odilia alivuta kiti kilichokuwa kimejaa sampuli, akaimwaga mikoba yote sakafuni, akakisukuma mbele ya meza ya Protas, uso kwa uso.

"Keti, Cyrille," alisema. "Hasira zitaisha. Huyu ni shemeji yako."